Mlifunga pipa, sasa fungeni paa: barua ya wazi kwa Meya na Madiwani wa Toronto

Mheshimiwa Meya,
Waheshimiwa Madiwani wote 25,

Salaam nyingi. Mimi ni mpangaji, mama wa watoto wawili, mkazi wa Scarborough, mashariki mwa jiji mnaloliongoza. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kulisema jambo hili bila kulipunguza. Tena najua wenzangu wa Mombasa, Tanga, Bukavu na Bujumbura tulio hapa Toronto, wengi wetu tumepanga katika nyumba kuukuu zenye mapaa mabovu, na yaliyonipata mimi yamewapata na wao. Nakala ya Kiingereza ameitafsiri binti yangu na ataipeleka kwa diwani wa kata yetu.

Nataka kusema nanyi habari ya rakuni.

Kwa ndugu watakaoisoma barua hii wakiwa nyumbani: rakuni ni mnyama wa asili ya hukuhuku Amerika Kaskazini. Mkubwa kuliko paka, manyoya ya kijivu, mkia wenye pete nyeusi, na usoni ana weusi uliozunguka macho kama kitambaa alichojifunga. Hutembea usiku. Mikono yake ya mbele ina vidole vitano vyembamba vyenye hisia kali, hata gizani hupapasa kitu akakijua, akakigeuza, akakifungua. Huteremka ukutani kichwa chini, maana miguu ya nyuma anaweza kuizungusha. Na hahitaji mlango. Tundu lenye upana wa kiganja cha mtu linamtosha kuingia na kuhamia.

Kwetu aliingia mwezi wa Aprili mwaka jana. Tunakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya matofali, na chumba cha wanangu kiko chini ya paa. Usiku wa kwanza nilidhani ni panya, kisha nikasikiliza vizuri. Panya hukwaruza. Hiki kilikuwa kinatembea kwa uzito, kinasimama, kinaburuta kitu, kinatembea tena. Asubuhi nikatoka uani nikaangalia juu, nikaona pembeni mwa upenu ubao wa chini umeng'olewa na ile sufi ya waridi ya kuzuia baridi inaning'inia nje. Nikampigia mwenye nyumba. Akaniambia ni panya, nunua mtego.

Zikapita wiki mbili tatu. Tukaanza kusikia sauti nyembamba, nyingi kwa pamoja, kama vifaranga waliofunikwa tenga. Juu ya kitanda cha mwanangu wa mwisho likatokea doa rangi ya chai, likawa linakua kila siku, na harufu ya mkojo ikashuka chumbani. Akaniita usiku akasema, "Mama, dari inalia."

Mwenye nyumba alikuja mchana mmoja wa Mei na ngazi, nyundo na kipande cha mbao. Akapigilia lile tundu, akashuka, akaenda zake. Hazikufika dakika 20. Hakupanda kuangalia ndani mna nini. Rakuni anayenyonyesha hulazimika kutoka hata mchana kutafuta chakula, na saa ile mama alikuwa nje. Watoto walikuwa ndani.

Usiku ule sitausahau. Alirudi, akakuta pamefungwa. Akalizunguka paa lote, tunamsikia hatua kwa hatua, na wale wadogo wanamwita kutoka juu ya vichwa vyetu. Kisha akaanza kung'oa vigae. Vile vya lami vinavyotumika huku, alivibandua kimoja kimoja, vikawa vinaanguka uani kwa kishindo. Nikatoka na tochi. Nikaona mkono wake mmoja umeshika bomba la maji ya mvua na mwingine umeingia chini ya kigae hadi kwenye kiwiko, unavuta. Mwanga ulipompiga alinigeukia, macho yakang'aa, akanitazama kidogo, kisha akarudi kwenye kazi yake kama mtu asiyekuwa na muda na mimi. Asubuhi niliokota vigae 23. Mimi na wanangu tulilala sebuleni.

Aliyetuokoa ni jirani, mzee wa Kireno aliyewahi kuwa fundi wa mapaa. Alipanda ngazi kwa umri wake ule akaung'oa ubao wa mwenye nyumba. Akaniambia nisimfukuze kwa fujo, nimfanyie tu mahali pale pasikalike: redio ya mazungumzo kwenye dari karibu na wanapolala, na taa iwake usiku na mchana. Rakuni jike, aliniambia, ana kwake pengine, ana pa pili na pa tatu, na akiona hapa hapana utulivu atahama mwenyewe. Mmpe siku chache.

Alfajiri ya siku ya tatu nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe cha chai. Akatoka na mtoto mmoja mdomoni, amemshika ukosi. Akateremka ukutani kichwa chini, akapita juu ya uzio, akapotelea chini ya kibanda cha jirani wa nyuma. Akarudi akachukua wa pili. Watatu. Wanne. Kisha akarudi mara ya tano, akaingia, akakaa kama dakika tatu, akatoka mdomo mtupu. Alikuwa anahakikisha hakumsahau mtu. Mimi ni mama, waheshimiwa. Nilimwangalia mpaka chai ikapoa.

Baada ya hapo fundi wa wanyamapori alikuja akaweka mlango wa njia moja, ule unaomruhusu mnyama kutoka na kumzuia kurudi, akasubiri, kisha akafunga tundu kwa wavu wa chuma uliopigiliwa vizuri. Gharama ilikuwa dola 900. Mwenye nyumba akasema nilipe mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa humo. Nililipa, kwani watoto walikuwa wanalala chini. Baadaye nikaja kujua kwamba sheria ya jimbo la Ontario ya mwaka 2006 kuhusu upangaji inamtwika mwenye nyumba wajibu wa kuitunza nyumba iwe katika hali nzuri na inayofaa kuishi. Kujua baadaye hakurudishi 900.

Nimeyasimulia haya kwa urefu ili mwone jambo lilipo. Kila aliyenihurumia alizungumzia mnyama: mkorofi, mwerevu, hana adabu. Mimi nazungumzia tundu.

Na katika habari ya matundu, jiji hili limeshafanya jambo kubwa ambalo sijui kama mnajisifia vya kutosha. Mwaka 2015 lilionyeshwa pipa jipya la kijani la mabaki ya chakula, lenye kitasa cha kuzungusha ambacho rakuni hakiwezi kwa urahisi, lakini lori likilipindua kifuniko kinafunguka chenyewe. Mwaka 2016 yakaanza kugawiwa nyumba kwa nyumba. Mpango wote uligharimu dola milioni 31 hivi. Mtafiti wa tabia za wanyama wa Chuo Kikuu cha York, Suzanne MacDonald, alishiriki kuyajaribu kwa rakuni wenyewe. Wapo wachache waliojifunza, na mwaka 2018 magazeti yaliwaandika sana. Lakini katika mtaa wetu zile asubuhi za kuzoa maganda barabarani ambazo wenyeji wa zamani wananisimulia, mimi sijaziona.

Kwa nini lilifaulu? Kitasa ni kizuri, sawa. Ila naona sababu kubwa zaidi ni kwamba hakuna mwananchi aliyeachiwa tatizo hilo mwenyewe. Hamkumwambia mjane wa Malvern akanunue pipa lake, wala hamkumwambia mpangaji amsubiri mwenye nyumba aamue. Lilikuja lori, likashusha mapipa, tajiri na maskini sawasawa. Nilikozaliwa mimi, milima ya Usambara, mahindi yakikaribia kukomaa watu walijenga dungu shambani, wakapeana zamu za kuamia, maana ngedere na nguruwe mwitu hawachagui shamba la nani. Asiyekuwa na kijana wa kupanda dunguni, jirani alimlindia. Pipa lenu la kijani lilinikumbusha hilo.

Sasa fanyeni hivyo kwa mapaa.

Najua wapo watakaosema wakamatwe tu wakatupwe mbali. Mlango huo umefungwa, na umefungwa kwa sababu nzuri. Sheria ya wanyamapori ya Ontario ya 1997 hairuhusu kumwachia rakuni zaidi ya kilomita moja kutoka pale alipokamatwa, wala haikubali sumu. Mnyama akisafirishwa anasafiri na magonjwa yake, na hofu hiyo ni ya kweli: mwishoni mwa 2015 kichaa cha mbwa cha rakuni kiliibuka tena Hamilton, saa moja tu kutoka hapa, baada ya jimbo kukaa miaka kumi bila kukiona, ikabidi chambo zenye chanjo zimwagwe mpaka kutoka angani. Tena ukimwondoa mmoja na tundu likabaki wazi, umempangishia mwingine. MacDonald huyohuyo alipowavisha rakuni wa mjini vifaa vya kufuatilia nyendo zao, aliona wanakaa kwenye eneo dogo la mitaa michache na barabara kubwa wanaziogopa. Huyu wa kwangu ni wa hapa. Alizaliwa hapa, na wanawe wanne wamezaliwa juu ya kitanda cha mwanangu. Haendi popote. Kinachoweza kubadilika ni paa.

Na mapaa yenyewe yako wapi? Hapo ndipo naomba mnisikilize zaidi ya pengine pote.

Mna mpango wa RentSafeTO, tangu 2017, unaosajili na kukagua majengo ya kupangisha. Ni mpango mzuri. Unahusu majengo ya ghorofa tatu na kuendelea yenye nyumba kumi au zaidi. Lakini rakuni hana haja na jengo la zege la ghorofa 15. Anataka upenu wa mbao, sufi, bomba la moshi la zamani, baraza la mbao lenye uwazi chini yake. Anataka nyumba ya mwaka 1950 iliyokatwa vipande vitatu, familia moja bezimenti, yaani chini ya ardhi, moja chini, moja juu. Hizo ndizo nyumba tunazokaa wengi wetu tuliokuja juzi, na hizo ndizo ambazo ukaguzi wenu haupiti mpaka mtu apige 311, namba ya simu ya jiji, alalamike.

Mtu gani huyo? Mpangaji anayelipa kwa mwezi, ambaye mwenye nyumba wake anakaa ghorofa ya chini au ni rafiki wa aliyemtafutia nyumba? Anayejua kwamba akitoka hapa, kodi ya nyumba nyingine itakuwa imepanda mara moja na nusu? Simu ya 311 haina gharama, lakini kwa mtu huyo ni ghali. Mimi mwenyewe sikupiga. Niliogopa kuonekana mkorofi.

Naomba, basi, nyumba ndogo za kupangisha ziingizwe kwenye ukaguzi wa mapaa na upenu bila kusubiri mlalamikaji. Msianze na zote. Anzeni na mitaa ambayo simu za rakuni ni nyingi, takwimu mnazo. Mkaguzi apite Februari na Machi, kabla majike hayajazaa, maana huku huzaa Aprili na Mei, na aangalie vitu vinne tu kutoka nje kwa darubini: upenu, matundu ya hewa, bomba la moshi, chini ya baraza. Akiona uwazi, mwenye nyumba apewe siku za kuuziba kwa wavu wa chuma. Asipoziba, msiishie kwenye faini. Sheria ya jimbo ya majengo inawapa uwezo wa kufanya kazi iliyoamriwa na kuiongeza gharama yake kwenye kodi ya majengo ya nyumba ile. Utumieni uwezo huo. Mwenye nyumba akijua kwamba bili inakuja ama kwa fundi wake ama kwa kodi yake, atamwita fundi.

Na iandikwe wazi kwamba kati ya Aprili na Agosti hakuna kupigilia tundu lolote mpaka paangaliwe kama kuna watoto ndani. Nimewaeleza kilichotokea kwetu. Pengine mama asingefanikiwa kung'oa vigae, na wale wanne wangekufa kwa njaa juu ya wanangu, siku nyingi, tukiwasikia. Hilo lisimpate mtoto yeyote, wa mtu wala wa mnyama.

Wapo pia wenye nyumba wasio na uwezo. Yule mzee wa Kireno anaishi kwa pensheni, na upenu wake mwenyewe umeoza upande wa kaskazini. Kwa watu kama yeye jiji litoe wavu na fundi, kama lilivyotoa mapipa. Bei yake naamini haitakaribia milioni 31.

Kuna jambo la afya ambalo nataka walisome hasa akina mama wenzangu, nanyi mlitangaze kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa Kitamil, kwa kila lugha inayosemwa kwenye nyumba hizi. Rakuni hana tabia ya kujisaidia ovyo. Huchagua mahali pamoja, juu ya kibanda, chini ya mti mkubwa, kwenye rundo la kuni, na huparudia. Kinyesi chake huweza kuwa na mayai ya minyoo ambayo, yakiingia mdomoni mwa mtoto anayechezea udongo, yanaweza kufika kwenye macho na ubongo. Ni ugonjwa wa nadra, lakini ni mbaya mno. Yale mayai huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuwa hatari, kwa hiyo kuondoa mapema ndiyo kinga. Na dawa ya kung'arishia nguo haiyaui. Maji yanayochemka ndiyo huyaua. Mimi nilikuta choo chao juu ya kibanda cha uani, hatua sita kutoka kwenye mchicha wangu. Nilivaa glavu na barakoa, nikalowanisha kwanza ili vumbi lisipae, nikazoa kwa koleo nikatia kwenye mifuko miwili, kisha nikamwaga birika baada ya birika. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilijifunza kwa kuuliza huku na huku baada ya mwanangu kuwa ameshacheza pale wiki nzima. Alhamdulillahi hakupata kitu.

Akikung'ata je? Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo. Usingoje. Na ukimwona anayumba mchana kama amelewa, mara nyingi ni distempa, ugonjwa wa virusi wa wanyama, ambao haumpati binadamu lakini mbwa asiyechanjwa humwua. Mwache, ita jiji. Yote haya yanaenea kwenye karatasi moja. Iwekeni pamoja na kalenda ya taka.

Bustani sikuitaja sana, na sitaitaja. Mahindi yangu waliyala usiku mmoja, yakiwa ndiyo kwanza yameingia maziwa, wakayaangusha mabua yote na kuuma kila hindi kidogo kidogo. Niliumia. Lakini mwaka huu nimepanda kunde, sukuma wiki na majani ya maboga, ambayo hawana hamu nayo sana, na nimekubali kwamba mahindi nitanunua. Hilo ni langu na wao. Vilevile sheria yenu ndogo iliyoanza Aprili 2023 ya kukataza kulisha wanyamapori naiunga mkono kwa moyo wote. Nawaomba na ndugu zangu tusiwawekee paka chakula nje usiku. Najua tunafanya hivyo kwa huruma, lakini anayekula ni rakuni, na akishashiba anatafuta pa kulala karibu.

Waheshimiwa, majike yataanza kutafuta pa kuzalia mwezi ujao. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, upande wa kulia, ina tundu chini ya upenu, na chini yake anakaa binti wa Kirundi mwenye mtoto wa miezi saba. Ninaliona tundu lile kutoka dirisha la jikoni ninapoandika. Theluji iliyo juu yake ina alama za vidole vitano. Jumamosi huwa niko nyumbani, na mkaguzi yeyote mtakayemtuma nitamwonyesha.

Wenu,
Mpangaji, ghorofa ya juu
Scarborough, Februari